Westwood: filamu iliyosahau sindano

Wasee, nimeimaliza Westwood, ile filamu ya Lorna Tucker ya 2018, na bado nina njaa. Dakika kama 80 na mtu mkubwa hivyo, halafu unatoka ukijua nywele zake kuliko kazi yake.

Akiguswa kuhusu Sex Pistols, Vivienne anakunja uso. Ati mambo hayo yanamchosha. Sawa, ni haki yake, lakini manze hiyo ndiyo historia yenyewe! Lile duka la 430 King's Road, London, yeye na Malcolm McLaren walilifungua 1971 likiitwa Let It Rock. Baadaye likawa SEX, kisha Seditionaries. Pini, minyororo, tisheti zilizoraruliwa, zote zilipitia mlango huo. Kama mwenyewe amechoka kusimulia, mwenye kamera si atafute njia nyingine?

Mimi nilitaka kuona mikono. Huyu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alijaribu chuo cha sanaa, akatoka baada ya muhula mmoja (mimi nilivumilia zaidi kidogo, msinicheke). Kukata nguo alijifunza kwa kufumua za zamani, mshono kwa mshono, aone zimeundwaje. Fundi wa Gikomba mwenye mtumba mezani anaielewa shule hiyo vizuri sana. Kufika 1981 ana mkusanyiko wa Pirate jukwaani. Hiyo miaka kumi filamu inaipita mbio.

Sehemu iliyonishika ni kipindi cha Wogan cha 1988. Watazamaji wanazicheka nguo zake, naye ameketi palepale, uso mkavu.

Kabla filamu haijaonyeshwa Sundance, upande wake ulilalamika kwamba uanaharakati wake haukupata hata dakika tano. Hapo nawaelewa. Ni mtu aliyeenda na gari la kivita hadi nyumbani kwa David Cameron mwaka wa 2015, kupinga uchimbaji wa gesi kwa kupasua miamba.

Na kuna Nairobi. Kufikia 2011 mikoba yake ilikuwa inashonwa hapa, kupitia mradi wa Umoja wa Mataifa, kwa mabaki ya ngozi na mabango kuukuu ya barabarani. Juergen Teller akaja kupiga picha za kampeni. Picha za Vivienne tumeziona. Walioshona walilipwaje, na kazi ilipokwisha walienda wapi? Yeye alifariki Desemba 2022, hatamjibu mtu tena. Kama unamjua fundi aliyeshona hata mkoba mmoja, niunganishe naye. Kamera ninayo.