Jalada na Ahadi Yake: Haki ya Msomaji Mbele ya Riwaya Zilizofichwa Mfululizo Wake

Msomaji anayefika ukurasa wa mwisho wa riwaya na kukuta kwamba mgogoro mkuu haujatatuliwa, huku mchapishaji akimtangazia kitabu kinachofuata, ana sababu ya haki ya kukasirika, wala hasira hiyo haistahili kuhesabiwa kuwa ni uvivu wa kusoma. Kinachomuudhi si urefu, kwa kuwa pengine angeuanza mfululizo wote kwa hiari yake lau angearifiwa mapema. Kinachomuudhi ni kwamba jalada lilimwahidi kazi kamili, ilhali alichouziwa ni sehemu tu ya kazi hiyo.

Ipo haja ya kutenganisha aina mbili za mfululizo, kwa sababu lawama haiziangukii zote sawasawa. Aina ya kwanza ni mfululizo wa visa, ambao vitabu vyake huunganishwa na mhusika au jamii moja, lakini kila kitabu huanza na kumaliza kisa chake. Fasihi ya Kiswahili inaifahamu vyema aina hii: Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, aliyeanza upelelezi wake katika *Mzimu wa Watu wa Kale* (1960), hurudi katika riwaya kadhaa, na vivyo hivyo Willy Gamba wa Elvis Musiba, bila msomaji kulazimika kujua yaliyotangulia. Émile Zola wa Ufaransa aliandika riwaya 20 za ukoo mmoja kati ya 1871 na 1893, na *Germinal*, ambayo ni ya 13, husomwa na kueleweka na watu wasiojua kabisa kwamba ina ndugu. Kutoujua mfululizo wa namna hii hakumpunguzii msomaji chochote.

Aina ya pili ni mfululizo endelezi, yaani ule ambao kisa kimoja hugawanywa katika juzuu nyingi, na hapa ndipo kuficha kunapodhuru. Msuko wa riwaya ni mpangilio wa matukio yanayofungamana kwa sababu na matokeo, na matokeo ya mwisho ndiyo yanayoyapa matukio ya mwanzo maana yake. Kwa hiyo msomaji aliyenyimwa utatuzi hawezi hata kuamua kama yale aliyokwisha kuyasoma yalisukwa vizuri au vibaya. J. R. R. Tolkien alilielewa jambo hili, kwani aliihesabu *The Lord of the Rings* kuwa riwaya moja, na mgawanyo wake katika juzuu tatu zilizotolewa mwaka 1954 na 1955 ulitokana na hesabu za mchapishaji katika Uingereza iliyokuwa na uhaba wa karatasi baada ya vita. Wasomaji wa wakati huo walisubiri karibu mwaka mzima kati ya juzuu ya pili na ya tatu. Subira hiyo ni ndogo ikilinganishwa na ya waliomfuata Robert Jordan tangu 1990: mwandishi huyo alifariki mwaka 2007, na juzuu ya 14, iliyoufunga mfululizo, ikakamilishwa na mwandishi mwingine, Brandon Sanderson, na kutolewa mwaka 2013.

Huenda wachapishaji wakajitetea kwamba namba kwenye jalada huwatisha wanunuzi. Utetezi huo ni dhaifu, na kwa hakika unakiri kosa, kwa kuwa unasema wazi kwamba mauzo yanategemea mnunuzi kutojua anachokinunua. Hadithi za magazetini, ambazo wasomaji wa Afrika Mashariki wamezifuata kwa hamu wiki baada ya wiki, huonyesha waziwazi kwamba zitaendelea, na uwazi huo haukuzikimbiza nyoyo za wasomaji. Tatizo huwa zito zaidi penye vitabu vya mitumba, vinavyouzwa kimoja kimoja kando ya barabara za Nairobi na Dar es Salaam, kwa sababu hapo juzuu ya tatu huweza kulala peke yake, mbali na nyingine zote, na jalada likawa shahidi pekee wa msomaji ambaye huenda asizipate nyingine kamwe.

Wachapishaji na waandike basi, mbele ya jalada na kwa herufi zinazosomeka, kitabu ni cha ngapi na kama kisa chake kinamalizika humo. Na waandishi wa mifululizo endelezi wakipe kila kitabu angalau mgogoro mmoja unaotatuliwa kabla ya ukurasa wake wa mwisho.