Jina la Kichaa cha Mbwa na Historia ya Kinga Yake

Waswahili huuita ugonjwa huu kichaa cha mbwa, kwa neno lile lile la mtu aliyerukwa na akili. Jina lataja dalili, wala halitaji chanzo. Na adhaniaye kuwa ni pepo humkimbilia mganga, hali vijidudu vya mate ya mbwa vimo jerahani, vikipanda kwa mishipa ya fahamu hata ubongoni. Dalili zikiisha kutokea, dawa karibu hakuna.

Tarehe 6 Julai 1885, huko Paris, Louis Pasteur alimchanja Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa, naye hakuugua. Mwaka wa 1921 Wajapani Umeno na Doi wakatoa habari za kuchanja mbwa wenyewe. Hivyo kinga ikamtangulia mwenye kuuma. Wataalamu wafundisha kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukatika.

Basi yatupasa kufundisha haya: mbwa na paka wachanjwe kwa majira yake, na aliyeumwa aoshe jeraha mara moja kwa maji na sabuni, dakika 15, kisha aende hospitali kuchanjwa. Jina na libaki. Dhana ya pepo ndiyo iondoke.