Modbus: Lugha ya 1979 Inayoendesha Mota Hadi Leo

Jamani, leo tuache programu mpya kidogo, niwape historia ya kitu kikongwe. Mwaka 1968 kampuni ya Danfoss ya Denmark ilileta VLT 5, draivu ya kwanza kutengenezwa kwa wingi ya kubadilisha kasi ya mota kwa kubadilisha frikwensi ya umeme. Likabaki swali: tarakilishi itaiamuruje draivu ikiwa mbali?

Mwaka 1979 Modicon ya Marekani ilitangaza Modbus, kwa ajili ya vidhibiti vyake vya viwandani. Baadaye watengenezaji wa draivu nao wakaichukua. Mkubwa mmoja huuliza. Wengine hungoja kuitwa kwa namba zao, 1 hadi 247. Andika namba moja kwenye rejista, mota inabadilisha kasi. Mwaka 1983 kikaja kiwango cha RS-485: nyaya mbili zilizosokotwa, vifaa 32, hadi mita 1,200. Ndoa hiyo haijavunjika.

Ila Modbus haiulizi nywila. CRC yake hukagua kama ujumbe umeharibika njiani, si nani ameutuma. Zamani haikuwa taabu, maana waya uliishia kiwandani. Kisha mwaka 2010 kirusi cha Stuxnet kikagunduliwa. Kilitafuta draivu zilizounganishwa kwa Profibus, basi nyingine ya viwandani, na kuamuru frikwensi ipande hadi Hz 1,410, kisha ishuke hadi Hz 2. Draivu zilitii tu.

Kwa hiyo, waandishi wa programu wenzangu, ukiiunganisha draivu na intaneti, ulinzi ni kazi yako. Modbus haitakusaidia.