Pambo la kigae cha kaure

Pambo la kigae ni pete, kidani au kipuli chenye kipande cha sahani, bakuli au kikombe cha zamani kilichovunjika, kikazungushiwa fedha. Kwenye pwani ya Kenya ufundi huu unajulikana zaidi Lamu, kwa masonara wa fedha. Pwani ya kusini, kaunti ya Kwale, umaarufu wa kaure uko kwingine: makaburini.

Kaure ya China iliwafikia Waswahili kabla ya Wareno kutia nanga mwaka 1498: kwanza ya kijani ya Longquan, kisha ya buluu na nyeupe ya Jingdezhen. Karne ya 19 zikaja sahani za maua za Uingereza na za Maastricht, Uholanzi. Vyombo vizima viliwekwa zidakani. Vingine vilipachikwa kwenye makaburi ya watu wakubwa. Kisiwani Wasini, kusini ya Msambweni, lipo kaburi la mnara lenye kaure hadi leo. Makaburi mengi ya pwani yamebaki na mashimo ya duara tu, bakuli zimeshabanduliwa.

Fundi huanza kwa kutafuta ua, samaki au mchoro utakaobaki mzima, tena mahali pa bapa, maana kigae kilichopinda hakikai vizuri kwenye fedha. Hukikata kwa koleo, akakisaga juu ya jiwe lililolowa. Maji hayo si ya kupoza tu. Vumbi la kaure huharibu mapafu. Ukingo wa fedha hulehemiwa mapema, ukiwa mtupu, kwa kuwa moto hupasua kigae. Kaure huingia mwisho, na ukingo hulazwa juu yake kidogo kidogo, upande huu kisha ule unaoukabili. Mkono mzito hapa huila kazi ya siku nzima. Alama ya kiwanda iliyo kitakoni kwa kawaida hutupwa, nayo ni hasara, kwani ndiyo hutaja umri wa chombo.

Umri huo una uzito wa kisheria. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya 2006 inahesabu kuwa cha kale kitu kilichotengenezwa Kenya au kuingizwa nchini kabla ya 1895, mwaka Waingereza walipotangaza himaya yao. Hakitolewi nchini bila kibali. Kigae cha Longquan kilichookotwa gofuni, basi, si cha kutiwa pete. Sahani ya bibi iliyoletwa miaka ya karibuni, mjukuu akaiangusha jikoni, haina kesi, isipokuwa kwa bibi mwenyewe.