Masomo ya masafa kwa wauguzi wa cheti nchini Kenya

Masomo ya masafa kwa wauguzi wa cheti ni mpango ulioanzishwa Kenya mwaka 2005 na shirika la Amref, Baraza la Wauguzi la Kenya na kampuni ya Accenture, ili kuwapandisha wauguzi hao hadi stashahada na kusajiliwa katika ngazi ya juu. Walengwa walikuwa zaidi ya 20,000.

Wauguzi wa cheti ndio waliokuwa wakibeba zahanati na hospitali za wilaya, na wengi walisoma kabla UKIMWI haujabadilisha kazi ya wodini. Kuwapeleka wote vyuo vya bweni kusingewezekana. Nafasi zilikuwa chache mno, na kila aliyeondoka aliacha zamu bila mtu. Zahanati yenye muuguzi mmoja ingelazimika kufunga mlango.

Ndipo masomo yakawafuata kazini. Kompyuta ziliwekwa vyuoni na hospitalini, na intaneti iliposuasua, masomo yalisomwa kwenye sidii. Mtu aliyetoka zamu ya usiku, pengine hajazoea hata kushika kipanya, aliweza kuketi akasoma kwa mwendo wake bila kupoteza mshahara. Lakini kuzalisha mama hakufundishwi na skrini peke yake: mafunzo ya vitendo yalibaki wodini, chini ya msimamizi, na mtihani wa Baraza haukukwepeka. Hapo ndipo ilipo heshima ya stashahada hii.

Baadaye Amref iliongeza Jibu, programu ya simu kwa wauguzi na wakunga.