Juma wa Simba au Juma wa Chui?

Chukua anwani hii: simba!juma@chui. Simba na chui ni kompyuta, Juma ni mwandikiwa. Barua ianzie chui, iliyo na jukumu la kuifikisha kwa Juma wa simba? Au ianzie simba, nayo iisukume kwa Juma wa chui? Katika miaka ya 1980 majibu yote mawili yalikuwa sahihi. Yalitegemea mtandao uliokuwamo.

Watu wa ARPANET, mtandao uliogharamiwa na Wizara ya Ulinzi ya Marekani, waliitazama kwanza @, alama ambayo Ray Tomlinson aliiweka kwenye anwani mwaka 1971. Wenzao wa UUCP, waliounganisha kompyuta za Unix kwa simu, walisoma kuanzia kushoto, kituo kwa kituo, wakifuata alama za mshangao. Kwao anwani ilikuwa njia yenyewe. Ulimtajia mtu njia kuanzia kompyuta inayojulikana na wengi. Namna ya kufika hapo alijitafutia. Kituo kimoja kikifa, anwani nayo imekufa.

Eric Allman wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliikuta mitandao ya namna hiyo imekutana chuoni kwake. Programu yake ya sendmail, iliyosambazwa kuanzia 1983, haikumpa yeyote ushindi: ilisoma kanuni kutoka faili la mipangilio, ikaiandika upya kila anwani kwa mtindo wa mtandao inakokwenda. Faili hilo lilijaa alama tupu, na mafundi walilichukia kwa haki.

Mwaka huohuo Paul Mockapetris alibuni DNS, mfumo wa majina tunaoutumia leo. Vyuo vya Uingereza viliandika uk.ac.ucl.cs, DNS ikaandika cs.ucl.ac.uk. Waingereza walikuwa na hoja, maana hata namba ya simu huanza na nchi. Lakini Czechoslovakia ilipopewa .cs, anwani ya Kiingereza inayoishia na cs iliweza kuwa idara ya kompyuta au Czechoslovakia.

DNS ilishinda kwa kuwakaribisha wasio na intaneti. Waraka wa Craig Partridge wa Januari 1986 ulieleza jinsi kikoa kinavyotaja kompyuta ya kupokea barua kwa niaba yake. Sasa hata simba, yenye laini ya simu tu, ingepata jina la kudumu: jirani yake anapokea barua mchana, kisha anaipigia usiku gharama zikishuka.