Kengele ya Masomo na Mvua ya Katanga

Wazee wetu wa Katanga walihesabu mwaka kwa mvua: inaanza Oktoba ao Novemba, inaisha Aprili. Masomo yalikuja na hesabu ingine. Mwaka 1906 Serikali ya Leopold II ilipatana na Vatikani, misioni wakapewa kazi ya kufundisha. Hata leo kalenda ya wizara, inayotoka Kinshasa kwa inchi yote, inafanana na ya zamani ya Ubelgiji: kuingia Septemba, vakansi Julai na Agosti.

Basi watoto wanapumzika wakati udongo ni mkavu. Wakati wa kupanda mahindi kengele inawaita. Sisi walimu tunaona viti vitupu, tunaandika "hayuko". Ni uvivu? Hapana, wako shambani na mama. Kalenda ilipangwa na watu. Watu wanaweza kuipanga upya.